Siku Moja Zion: Mwongozo wa Kulitembea Korongo Tangu Alfajiri Hadi Magharibi

Maswali kuhusu Hifadhi ya Taifa ya Zion, kusini magharibi mwa jimbo la Utah nchini Marekani, ni yale yale kila msimu. Siku moja inatosha? Gari linafika wapi? Kibali ni cha njia ipi? Watoto waingie mtoni au wasiingie? Humu tumeyajibu kwa mfuatano wa siku yenyewe, kuanzia jioni ya kuamkia safari.

Siku moja inatosha, ila kwa sharti: chagua matembezi makuu mamoja tu. Wengi wanaotoka getini na uchovu mtupu ni wale waliotaka kupanda kilele, kuingia mtoni na kupita handaki, yote siku hiyo hiyo. Korongo ni jembamba, barabara inayoingia ndani ni moja, na kila mgeni anapita humo humo.

Saa zote hapa ni za Kiswahili. Ratiba ya basi ikiandika 7:00 asubuhi, sisi tunasema saa 1.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaondoka

- Maji lita 4 kwa kila mtu kwa siku. Huna haja ya kuyabeba yote kwa mpigo: beba chupa za lita 2, ujaze tena kwenye mabomba ya Kituo cha Wageni, Zion Lodge (hoteli ya ndani ya korongo), Grotto na Temple of Sinawava, ambavyo vyote ni vituo vya basi la hifadhi.
- Chakula cha siku nzima, chenye chumvi ndani yake: karanga, korosho, viazi vya kukaanga, mkate wenye nyama. Ndani ya korongo chakula kinauzwa Zion Lodge tu, na mchana foleni yake ni ndefu.
- Viatu vilivyofunika vidole na vyenye soli inayoshika. Kandambili na sandali za wazi ziache kwenye gari.
- Kofia pana, krimu ya kuzuia jua, na kanga au kikoi. Kanga iliyoloweshwa maji ya bomba na kutandazwa shingoni hupoza mwili kuliko kofia peke yake.
- Koti jepesi, hata kiangazi. Asubuhi ndani ya korongo kuna ubaridi.
- Kadi ya benki na kitambulisho. Kiingilio ni dola 35 kwa gari dogo na abiria wake, nacho hudumu siku 7. Anayeingia kwa miguu hulipa dola 20. Tangu Januari 2026, mgeni asiye mkazi wa Marekani mwenye umri wa miaka 16 na zaidi huongezewa dola 100, kwa kuwa Zion ni mojawapo ya hifadhi 11 zenye tozo hiyo. Jamaa wanaotoka Nairobi au Dar es Salaam kutembelea ndugu zao Utah walifanyie hesabu hili mapema, na waangalie pia pasi ya mwaka ya wasio wakazi, ya dola 250.
- Ramani iliyopakuliwa kwenye simu. Ndani ya korongo mtandao unapotea karibu kabisa.

Sakafu ya korongo iko kwenye mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, chini kuliko Nairobi, kwa hiyo mwinuko hautakusumbua. Kinachosumbua ni ukavu. Jasho linakauka kabla hujaliona, shati linabaki kavu, nawe unadhani hutoi maji. Kama shati ni jeusi, angalia ukosi wake: utakuta mistari myeupe ya chumvi. Hapo mwili umeshapoteza mengi.

Msimu

Aprili, Mei, Septemba mwishoni na Oktoba ndiyo miezi mizuri. Julai joto hufika nyuzi 38 za Selsiasi na kupita, na kuanzia katikati ya Julai hadi Septemba huja mvua za radi za alasiri. Desemba usiku kuna barafu. Aliyezoea jua la Ikweta, linalozama saa ile ile mwaka mzima, ajihadhari: Juni jua la huku huzama karibu saa 3 usiku, Desemba huzama kama saa 11 na robo jioni. Mpango wa siku ya Juni hauwezi kutumika Desemba.

Hatua 1: Jioni ya kuamkia safari

Soma tahadhari ya mafuriko ya ghafla. Idara ya hali ya hewa ya Marekani hutoa kila siku makadirio yenye ngazi nne kwa ajili ya makorongo ya Zion: hayatarajiwi, yanawezekana, yana uwezekano mkubwa, yanatarajiwa. Ikiwa ni ngazi ya pili au zaidi, futa mpango wa mtoni. Usijipe moyo kwamba asubuhi kumekucha mbingu safi.

Angalia pia wingi wa maji ya Mto Virgin, unaopita korongoni. Yakipita futi za ujazo 150 kwa sekunde, yaani mita za ujazo 4 na kidogo, hifadhi hufunga njia ya mtoni. Hali hiyo ni ya kawaida majira ya kuchipua, theluji ya milimani inapoyeyuka.

Ukitaka kupanda Angels Landing, kilele cha mwamba ambacho sehemu yake ya mwisho hupandwa kwa kushika minyororo, omba kibali kwenye tovuti ya Recreation.gov kabla ya saa 9 alasiri ya siku moja kabla. Hii ni bahati nasibu: kuomba ni dola 6, na ukipata unalipa dola 3 kwa kila mtu. Majibu hutoka saa 10 jioni. Tangu Aprili 2022 hakuna anayeruhusiwa kwenye sehemu ya minyororo bila kibali, na askari wa hifadhi wanakagua.

Jaza mafuta, panga chakula, lala mapema.

Hatua 2: Fika getini kabla ya saa 1 asubuhi

Kutoka Las Vegas ni kilomita 260 hivi, kama saa mbili na nusu hadi tatu za kuendesha. Kutoka Salt Lake City ni kilomita 500, saa tano na mapumziko kidogo. Anayetoka Las Vegas anapoteza saa moja njiani, kwa sababu saa za Utah ziko mbele ya zile za Nevada. Ukiondoka Las Vegas saa 10 alfajiri ukaendesha saa tatu, Zion itakuwa saa 2 asubuhi, si saa 1. Kosa hili peke yake limewanyima watu wengi maegesho.

Maegesho ya Kituo cha Wageni hujaa mapema, siku za msimu mara nyingi kabla ya saa 3. Ukikuta yamejaa, usizunguke humo ukingoja mtu aondoke. Geuza, rudi mji wa Springdale ulio nje ya geti, egesha huko kwa kulipia, kisha panda basi la bure la mjini hadi geti la waenda kwa miguu.

Hatua 3: Panda basi mpaka kituo cha mwisho, usishuke njiani

Kuanzia Machi hadi Novemba, magari binafsi hayaruhusiwi kwenye barabara ya ndani ya korongo. Mnapanda basi la hifadhi, la bure, lisilohitaji tiketi. Vituo ni tisa: cha kwanza Kituo cha Wageni, cha tano Zion Lodge, cha sita Grotto, cha tisa Temple of Sinawava. Mwendo mzima ni kama dakika 45.

Wageni wengi hushuka kila kituo kwa mpangilio, cha nne, cha tano, cha sita. Wanafika mwisho wa korongo saa 6 mchana pamoja na umati wote. Wewe fanya kinyume: nenda moja kwa moja cha tisa, kisha shuka ukirudi. Asubuhi kule mwisho ni kimya, kuta zina kivuli, na kama kuna radi itakuja alasiri ukiwa umeshatoka majini.

Kabla hujaondoka kwenye Kituo cha Wageni, piga picha ratiba ya siku ubaoni. Unachokihitaji ni saa ya basi la mwisho kutoka kituo cha tisa.

Hatua 4: Tembea Riverside Walk

Jaza maji, pita msalani, kisha fuata njia ya sakafu ngumu kandokando ya mto. Kwenda na kurudi ni kilomita 3.5, na haina mlima. Mtoto wa miaka minne anaimudu, na bibi mwenye fimbo anaimudu pia akipumzika kwenye mabenchi. Tazama ukuta wa kushoto na wa kulia panapotiririka unyevu: jiwe mchanga la juu linapitisha maji taratibu, la chini linayazuia, kwa hiyo maji hutokea ubavuni na kuotesha majani mabichi ukutani katikati ya jangwa. Simama hapo dakika tano. Ukiinua uso, matone yatakuangukia.

Kuchakulo wa hapa hawana woga. Watapanda mkoba na kutafuna zipu. Usiwape hata punje moja ya karanga. Wanauma, na kuwalisha kuna faini.

Hatua 5: Ingia mtoni, kwa saa na si kwa umbali

Njia ya sakafu ngumu inapoisha, mto wenyewe ndio njia. Hapa panaitwa The Narrows. Kuta zinapanda mita 300, na mahali pengine nafasi kati ya ukuta na ukuta ni mita saba au nane tu. Kupanda kutoka chini hakuhitaji kibali, na mwisho unaoruhusiwa ni Big Spring, safari ya kilomita 15 kwenda na kurudi. Mgeni wa siku moja asilenge huko.

Fanya hivi:

a) Vaa viatu vya kuloana vilivyofungwa vizuri. Majira ya baridi na ya kuchipua kodisha Springdale soksi za neoprini (mpira laini unaotunza joto), viatu vya mtoni na suruali isiyopitisha maji. Jinzi usivae, zikilowa ni nzito kama mzigo wa kuni na zinakauka kesho.

b) Beba fimbo imara inayofika kifuani, moja kwa kila mtu. Chini ya maji kuna mawe ya duara yenye utelezi, makubwa kama mipira. Mguu unatafuta, fimbo inashika. Kwanza sogeza fimbo, halafu mguu wa kwanza, halafu wa pili. Fimbo iweke upande maji yanakotoka, ili mkondo uikandamize chini.

c) Simu na funguo za gari ziwe kwenye mfuko usiopitisha maji, juu ya mkoba. Kuanguka mara moja ni jambo la kawaida.

d) Vuka pale mto ulipo mpana na wenye mawimbi madogo, kwa kuwa hapo hauna kina. Palipotulia na kuwa na kijani kizito ndipo penye kina.

e) Angalia saa unapoingia. Panda kwa saa mbili, halafu geuka, hata kama kona inayofuata inakuita. Mwendo wa humo ni wa polepole, kilomita moja na nusu hadi mbili kwa saa, na kurudi hakuna wepesi mkubwa kama watu wanavyodhani, maana miguu imechoka.

f) Usinywe maji ya mto, na usizamishe kichwa. Tangu 2020 hifadhi imekuwa ikitoa tahadhari ya sainobakteria (vijidudu vya majini) wenye sumu katika Mto Virgin. Kichujio cha kawaida hakiondoi sumu hiyo. Watoto wadogo huweka mikono mdomoni, kwa hiyo waache wachezee ukingoni wa mchanga tu, kisha wanawe kwa maji ya bomba.

Sasa jambo zito kuliko yote. Mafuriko huja kutokana na mvua iliyonyesha mbali, juu ya jiwe tupu lisilonyonya maji, huku juu yako mbingu ni samawati. Dalili ni hizi: maji safi yanabadilika kuwa ya tope, vijiti na majani vinaanza kuelea, mvumo unaongezeka, upepo wa ghafla unashuka korongoni. Ukiona moja tu, panda mahali pa juu papo hapo ukae. Usikimbie kuelekea mlango wa korongo, mto una kasi kuliko wewe. Usishuke mpaka maji yapungue, hata ikichukua saa nyingi. Tarehe 14 Septemba 2015 watu saba walikufa ndani ya Keyhole Canyon, korongo jingine jembamba la hifadhi hii hii, walipokutwa na maji ya namna hiyo.

Kama umechagua Angels Landing badala ya mto

Shuka kituo cha sita. Safari ni kilomita 8.7 kwenda na kurudi, kupanda mita 450, na inachukua kama saa nne. Kabla ya kilele kuna kona 21 za kubana zilizojengwa kwa mawe, kisha jukwaa la Scout Lookout. Mpaka hapo kibali hakihitajiki, na mandhari yake inatosha kabisa kwa asiyependa kimo. Baada ya hapo ni minyororo juu ya mgongo mwembamba wa jiwe wenye shimo pande zote mbili. Watoto wadogo msiwapeleke. Kukiwa na radi, barafu au jiwe lililolowa, ishieni Scout Lookout. Anayeanza kutetemeka magoti asishawishiwe na wenzake kuendelea. Kushuka kwa minyororo ni kugumu kuliko kupanda.

Hatua 6: Kula na kupumzika Zion Lodge

Kati ya saa 6 na saa 9 mchana jua liko utosini na kuta zinarudisha joto. Shuka kituo cha tano, tafuta kivuli kwenye nyasi mbele ya hoteli, vueni viatu, badilisheni soksi. Saa nzima ya kukaa si saa iliyopotea. Kunywa maji pamoja na kitu cha chumvi: anayekunywa maji matupu lita baada ya lita anaweza kupata kichefuchefu na kizunguzungu kama aliyekosa maji.

Hatua 7: Emerald Pools

Vuka barabara na daraja lililo mbele ya hoteli. Bwawa la chini ni kilomita 1.9 kwenda na kurudi, na njia inapita chini ya mwamba unaodondosha maji mbele yako kama pazia. Alasiri upande huu unaanza kupata kivuli. Kuogelea hakuruhusiwi. Mwenye nguvu aendelee bwawa la juu. Mwenye watoto arudi.

Hatua 8: Malizia na Pa'rus Trail

Panda basi hadi kituo cha tatu, Canyon Junction, kisha tembea kushuka na mto hadi Kituo cha Wageni, kilomita 2.8 za lami tambarare. Ni njia pekee ya hifadhi inayoruhusu mbwa na baiskeli. Mbele yako unasimama mlima wa The Watchman, na jua linapozama uso wake unageuka kutoka kahawia hadi wekundu wa udongo wa kufinyangia, mwishowe zambarau. Kulungu hutoka majanini saa hizo. Waache wapite.

Mwenye gari na nguvu iliyobaki anaweza kupanda barabara ya mashariki, apite handaki la kilomita 1.8 lililomalizika 1930, hadi Canyon Overlook, njia fupi ya kilomita 1.6. Maegesho yake ni madogo mno. Kwa maoni yetu ni bora kuiacha kwa siku nyingine kuliko kuikimbilia gizani.

Ikitokea tatizo

*Mto umefungwa.* Fanya Riverside Walk yote, kisha Watchman Trail inayoanzia Kituo cha Wageni, kilomita 5.3, jioni. Usijaribu kuingia "kidogo tu".

*Mtu ana kizunguzungu, ngozi ya moto, au anaongea ovyo.* Mweke kivulini, mloweshe, mpepee, umpe maji kwa funda ndogo kama ana fahamu kamili. Tuma mtu kituo cha basi amwambie dereva, maana simu huenda isishike. Penye mtandao piga 911, namba ya dharura.

*Mmepotezana.* Kubalianeni asubuhi: atakayepotea anaenda Zion Lodge na kukaa mlangoni. Msitegemee simu.

*Choo ndani ya The Narrows.* Hakuna. Tumia msala wa kituo cha tisa, na ubebe mfuko maalumu wa haja kubwa, utoke nao.

*Kifundo cha mguu kimeteguka mtoni.* Usivue kiatu, kwa sababu kinashikilia mguu na hutaweza kukivaa tena. Mtu mmoja kila upande, fimbo mbili, polepole.

*Mmekosa basi la mwisho.* Kutoka kituo cha tisa hadi Kituo cha Wageni ni karibu kilomita 12 kwa miguu, gizani. Kila mkoba uwe na tochi, na lengeni basi la pili kabla ya lile la mwisho, kwani la mwisho likija limejaa hamna pa kukaa.

*Kuendesha usiku kutoka hifadhini.* Kulungu huvuka Barabara Namba 9 ghafla, mara nyingi wawili au watatu wakifuatana. Ukimwona mmoja amepita, punguza mwendo ungoje wa pili. Anayerudi Las Vegas anairejesha ile saa yake ya asubuhi. Aitumie kulala kidogo kabla ya kushika usukani.